Mkwe Haingii Jikoni

Jumamosi ile nyumba ya Mwita kule Pearland ilijaa mpaka viatu vikakosa pa kukaa mlangoni. Watanzania wa Houston ndivyo walivyo: ukitaka kuwaona wote bila kuchapisha kadi za harusi, mlaze mmoja wao kitandani. Walikuja wa Alief, walikuja wa Gulfton, wenye kazi za ofisini na wenye kulea wazee, na kila mmoja na chake mkononi. Huyu ndizi, yule maji ya matunda, yule maneno tu.

Mgonjwa alikuwa Mama Prudensia, mama yao Mwita na Theodora, aliyeletwa kutoka Tarime atolewe uvimbe tumboni. Uvimbe ulitoka. Kilichobaki kuwatisha watoto wake ni kula. Tangu apasuliwe, kila alichomeza kilirudi. Uji wa Clara, mke wa Mwita, ulirudi. Supu ya hospitali ilirudi. Theodora, ambaye ni nesi na ameshawabembeleza wagonjwa wa kila taifa, alipika akiwa amepiga magoti kwa sala, na chake pia kikarudi. Daktari alishawaambia bila kuzunguka: asipopata nguvu, tiba inayofuata haitaanza, isipoanza, wajiandae.

Halafu ukatokea uji uliokaa. Uji laini wa mahindi, wenye mchuzi wa kuku ndani yake na maua ya maboga yakielea juu kama vipepeo waliochoka. Mama aliambiwa kaupika Theodora. Akaumaliza, akalamba kijiko, akasema, “Huu una magadi kama wa marehemu mama yangu.”

Theodora akasema asante, mama. Tangu siku hiyo uongo ukawa na kitanda chake ndani ya nyumba ile.

Sasa aliketi ubavuni mwa mama yake akimlisha taratibu, wageni wakiingia chumbani kwa zamu, ilipofika zamu ya Scholastique. Huyu ni Mkongo, muuza vitenge wa Alief, mwanamke mwema wa kukuvulia kitenge chake mwenyewe. Ila yeye na kimya hawajawahi kuketi meza moja.

“Mama, uko unapona! Uso unang'aa. Tunashukuru Mungu.”

“Amina, mwanangu.”

“Na mukwe wako naye tunamushukuru. Mupishi mukubwa namna ile, mwenye picha yake kwa magazeti, kukuja kukupikia wewe kila siku! Minaambia bwana yangu Godefroid: ona mwanaume, hein!”

Kijiko kilisimama hewani. Pale mlangoni Clara aliuma kidole, maana ndiye aliyempa Scholastique habari hiyo, tena kwa kunong'ona, kwenye sherehe ya kipaimara, kwa sharti kwamba isifike popote. Mjini Houston mtu anaweza kukosa lifti siku nzima. Umbea haujawahi kukosa.

“Mkwe gani?” Mama Prudensia aliuliza.

Scholastique aliwatazama mmoja mmoja, akaanza kuelewa kwamba kuna mahali kakanyaga.

“Theodora. Nani anapika uji huu?”

Angeweza kudanganya mara nyingine. Lakini macho ya mama yake yalikuwa yamezama ndani kwa ugonjwa, na macho ya namna hiyo hayadanganyiki.

“Anselmo, mama.”

“Yuko wapi?”

“Jikoni.”

“Jikoni kwangu?”

Nyumba ilikuwa ya Mwita na jiko lilikuwa la Clara. Hata hivyo kila aliyezaliwa kwao alielewa. Mama alipolala, jiko la mwanawe ni jiko lake. Na kwao Mama Prudensia, mkwe mume na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huiacha njia. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, hashiki sufuria yake, na jikoni kwake hakanyagi hata mvua ikimfukuza.

Na huyo aliyekuwa jikoni hakuwa mtu wa kutumwa. Anselmo Urrieta, mwana wa Puebla, aliingia Houston miaka ya themanini akaanza kwa kuosha vyombo. Wakati huo mji mzima uliamini kwamba chakula cha Kimeksiko ni jibini la njano lililomwagwa juu ya kila kitu. Yeye akatandika vitambaa vyeupe, akawapakulia maua ya maboga, uyoga mweusi unaoota kwenye gunzi la mahindi, na mchuzi wa pilipili na kakao unaopikwa kutwa nzima kama mtu anayelea mtoto. Matajiri walicheka. Kisha wakanyamaza wakila. Kisha wakawa wanagombea meza. Magazeti yakamwandika, tuzo zikamfuata, na mwaka ule wa 1999 watu wa Dallas walikuwa wamemjengea mgahawa mpya wenye jina lake juu ya mlango, ufunguliwe kabla ya Krismasi.

Theodora alimpata kwenye wodi ya majeraha ya moto, mkono umeunguzwa na mafuta. Alipokuwa akimfunga bandeji, mgonjwa akamuuliza kama kwao wanakula maua ya maboga.

“Tunakula majani,” Theodora alijibu. “Maua tunayaacha yawe maboga.”

Alicheka mpaka akasahau mkono. Nesi naye akasahau kwamba kuna wagonjwa wengine wodini. Tangu hapo mpango ukawa huu: mama akipata nguvu ya kukaa, Isack, mtu mzima anayeheshimika na wote, apeleke posa, ndoa ifungwe, Theodora aende Dallas akiwa mke wa mtu. Mama alishasikia kwamba kuna Mmeksiko anabisha hodi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema asubiri nitoke kitandani.

“Mwiteni,” alisema sasa. “Asimame mlangoni.”

Akajifunika kanga usoni, akageukia ukutani.

Anselmo alikuja na aproni yake, mwiko bado mkononi. Aliona wageni walivyobana ukutani kama watu wanaopisha jeneza, akamtafuta Theodora kwa macho. Theodora aliinamisha uso.

“Shikamoo, mama,” alisema. Kiswahili hicho alikuwa amekifanyia mazoezi ndani ya gari, barabara ya 288 nzima.

Shikamoo haikupokelewa.

“Muulize,” Mama Prudensia aliuambia ukuta, “yeye ni nani katika nyumba hii.”

Theodora akamtafsiria kwa Kiingereza. Anselmo hakufikiri.

“Mwambie mimi ni mtu anayekupenda.”

Maneno hayo hayasemwi mbele ya wakubwa. Isack alikohoa. Clara alishika kifua. Theodora alihisi joto likimpanda shingoni, akayavika nguo maneno yale kabla ya kuyatoa:

“Anasema ni mchumba wangu, mama.”

“Mchumba hakanyagi jiko la mama mkwe. Mwanaume anayeingia jikoni kwangu, akanipikia, akanilisha, huyo ni mwanangu. Na mwanangu hamwoi mwanangu.” Alipumzika, akavuta pumzi. “Achague. Kama ni mwanangu, aendelee kupika, nile, nipone, na wewe utafute mume kwingine. Kama ni mkwe, atoke jikoni mwangu asirudi, na posa yake nitaisikiliza.”

“Na wewe utakula nini, mama?” Theodora aliuliza.

“Hilo si swali la mkwe.”

Mwita, aliyekuwa ameegemea kabati mikono kifuani, alitabasamu kwa mara ya kwanza juma lile. “Basi imekwisha. Nilikuwa sina mdogo wa kiume, nimempata. Nilisema tangu mwanzo, dada yangu hakusoma unesi aje aolewe na mwiko.”

“Mwiko ambao umeukomba jana mpaka mwisho,” Clara alimnong'oneza.

Wageni waliaga kwa haraka isiyo ya kawaida. Hata viatu vilipatikana upesi.

*

Theodora alimfuata Anselmo nje, penye gari lake lililonuka mahindi mabichi. Jua la Oktoba lilikuwa bado kali. Alitaka kumweleza, lakini Anselmo aliinua mkono.

“Nimeelewa. Kwetu pia mama wanajua kuuliza maswali yasiyo na jibu.”

“Jibu lipo. Tuondoke. Tukafunge ndoa Dallas, kanisa halikosekani. Watasema, watachoka.”

“Na yeye atakula nini?”

“Nitampikia mimi.”

“Ulimpikia, mpenzi wangu. Uliniambia mwenyewe kilichotokea.”

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Anselmo aliegemea gari, akatazama mikono yake, yenye makovu kama ramani ya mji wa zamani.

“Unaijua ile picha yangu iliyotoka gazetini, ninayocheka? Usiku ule nilipewa tuzo ya kwanza. Ukumbi mzima wa watu wenye almasi masikioni, nikawapikia uji huu, wakasimama kunipigia makofi. Mama yangu alikuwa anakata roho Puebla. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba siku zile za mwisho aliomba uji, wakamletea, akaukataa. Alisema, ‘Si wa Anselmo.’” Akaikunja ile mikono. “Nimewalisha wote, Theodora. Yeye sikumlisha. Siwezi kumwacha huyu naye.”

“Kwa hiyo umeshachagua.”

“Nimechagua ale.”

“Na mimi?”

Alimtazama. Mtazamo wenyewe ulikuwa wa mtu aliyesimama kituoni akiitazama treni iliyombeba mtu wake. Theodora aliujua uso ule katika furaha na katika uchovu, alikuwa hajawahi kuuona umeshindwa.

“Wewe nitakutazama kutoka jikoni.”

“Kama kaka.”

“Usiseme hivyo.”

“Ndivyo ulivyosema wewe! Nitakuja kuchukua bakuli, utanipa bakuli, tupishane mlangoni mpaka nywele ziote mvi? Na Dallas je? Jina lako liko juu ya mlango!”

“Watanipa mtu wa kulifuta. Dallas ni mbali, siwezi kupika hapa asubuhi na kule jioni. Nitawapigia simu leo.”

Theodora alipiga bati la gari kwa kiganja mpaka ndani Mwita akafunua pazia. “Mnanigawana! Wewe na mama yangu mmekaa mnanigawana kama nyama ya sherehe, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini!”

“Unataka nini?”

Theodora alitaka mama yake ale. Alitaka mtu huyu amwamshe asubuhi kwa mikono hii yenye makovu. Alivitaka vyote viwili kwa kiasi kile kile, na kimoja kilikuwa kinakula kingine.

“Nenda,” alisema. “Mgahawa wako unakusubiri.”

Anselmo aliunyoosha mkono. Theodora alitaka kuushika, akaukumbatia mwili wake mwenyewe badala yake. Gari liliondoka polepole, likisimama kwenye kila alama ya kusimama zaidi ya inavyotakiwa.

Jioni Mama Prudensia aliuliza bila kugeuka, “Amejibu?”

“Amejibu. Atakuja kesho kupika. Kama mwanao.”

“Na huko Dallas?”

“Ameacha.”

“Wewe ukamwambiaje?”

“Nilimtukana, mama.”

“Vizuri.” Kicheko kidogo kilimtoka mgonjwa, kikamuumiza mshono, akashika tumbo. “Kwa nini aache mji wake kwa ajili ya bibi asiyemjua?”

Theodora akamsimulia habari ya Puebla. Picha, makofi, uji uliokataliwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Alisema ‘si wa Anselmo’?”

“Ndiyo, mama.”

Mama Prudensia aliletewa uji uliobaki wa mchana, akasema hana njaa.

*

Jumapili baada ya misa Anselmo alikuja na kinyunya, donge la mahindi yaliyochemshwa na chokaa na kusagwa kwa jiwe alfajiri ile. Mwita alimfungulia mwenyewe.

“Karibu, kaka,” alisema kwa Kiingereza, kila neno akilipa nafasi yake. “Jiko ni lako.”

Anselmo alipokea tusi lile kama mtu anayepokea koti lake. Alipita, akafunga aproni, akawasha moto. Hakumtazama Theodora. Uji ulipokuwa tayari aliumimina bakulini, akalipangusa ukingoni, kama anavyofanya kwa mabwana wakubwa, akamsukumia mezani. Vidole havikugusana. Vilijihadhari.

Chumbani, harufu ilimfikia mama kabla ya bakuli. Theodora alimwona akimeza mate. Aliuona mkono wake ukiinuka wenyewe kutoka kwenye shuka, mkono mkavu wa mtu mwenye njaa ya kweli. Mkono ukafika bakulini. Ukalisukuma.

“Rudisha.”

“Mama, hujala tangu jana mchana.”

“Tumbo ni langu, nalisikia. Rudisha.”

“Mama, nakuomba. Yeye amekubali. Mimi…” Alilisogeza bakuli tena. “Mimi nimekubali.”

“Mimi sijakubali.” Mama Prudensia alimtazama mwanawe kwa upole ambao Theodora alikuwa hajauona tangu utotoni. “Mwana ninaye. Mwita ananitosha kwa kelele. Mkwe sina. Mtu anaacha mke ili mama wa mwenzake ashibe, halafu mimi nimchukue huyo awe mwanangu? Nitakuwa nimekuibia, tena kwa kijiko.” Akaivuta kanga, akajifunika uso. “Nenda. Mwambie mkwe wangu atoke jikoni mwangu.”

Theodora alipiga magoti, paji la uso likaegemea kitandani. Kwa neno moja alikuwa amepewa mume. Na kwa neno lile lile mama yake alikuwa amefunga mdomo.

Mwita aliingia kwa kishindo. “Mama, utajiua kwa njaa kwa ajili ya Mmeksiko?”

“Mwita, uji huo hapo. Kunywa wewe, upunguze maneno.”

Theodora alirudi jikoni na bakuli lililojaa. Anselmo aliliona, rangi ikamtoka.

“Ameukataa?”

“Ameukataa. Amesema mkwe wake atoke jikoni.”

“Atoke nani?”

“Mkwe.” Alilirudia kwa Kiingereza, alilirudia tena kwa Kiswahili. Hapo ndipo alipoushika mkono wenye makovu mbele ya kaka yake na wifi yake, akaubana.

Anselmo hakucheka, hakulia. Alizima moto, akavua aproni, akamvisha Theodora, akamfungia kamba mgongoni taratibu. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama juani kwenye sakafu ya saruji, nje ya dirisha.

“Na atakula nini?” aliuliza kupitia wavu.

“Hilo si swali la mkwe,” Theodora alijibu, machozi yakimtiririka.

“Basi ni la mwalimu. Washa moto. Mdogo.”

Mgahawani kwake walikuwapo wapishi waliokaa naye miaka na hawakuruhusiwa kukigusa chungu cha mahindi. Wenye vyeti vikubwa walimfuata kumuuliza uji ule anaufanyaje, wakapewa tabasamu. Alikuwa akisema mkono haufundishwi. Sasa alikuwa ameshika wavu wa dirisha kwa vidole vyote kumi.

“Kinyunya kwenye maji ya baridi. Baridi, si vuguvugu! Kivunje kwa vidole. Unasikia punje?”

“Nasikia.”

“Endelea mpaka usizisikie. Ndiyo. Sasa sufuriani, na usiache kukoroga. Inanukia nini?”

“Ukuta mpya uliopakwa chokaa.”

“Bado.”

Alikoroga. Jasho lilimtoka. Clara alisogea kusaidia, akafukuzwa na sauti ya dirishani.

“Sasa?”

“Kama… kama vumbi lililonyeshewa.”

“Karibu. Mimina mchuzi wa kuku, kidogo kidogo, kama mtu anayesita. Usinitazame mimi, tazama sufuria.”

“Wewe ndiye unayenitazama.”

“Mimi nimeruhusiwa. Niko nje.”

Alimtazama hata hivyo. Jua lilikuwa likimpiga utosini, shati limeganda mgongoni, na mtu yule aliyepigiwa makofi na ukumbi mzima alikuwa akimtazama kana kwamba hakuna jambo kubwa duniani kuliko mkono wake unaozunguka. Walikaa hivyo, sijui kwa muda gani, Clara aliyesimulia baadaye huongeza kila anaposimulia.

“Mwiko!” Anselmo alishtuka. “Mwiko umesimama!”

Alianza tena kukoroga, lakini alisikia kitu kizito kikishika chini. Hapakuwa na mahindi mengine. Akapakua kilichopatikana, akapamba kwa ua moja la boga, akaenda.

Mwita alikuwa ameshakaa upande wa pili wa kitanda na beseni mapajani, akingoja kitakachorudi. Theodora aliinua kijiko. Mama Prudensia alikitazama, akafungua mdomo.

Aliuweka uji ulimini. Akaumeza. Nyumba nzima ikameza naye.

“Umeshika chini,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Mlikuwa mnatazamana.”

Theodora alikumbuka, akiwa amechelewa, kwamba dirisha la chumba kile linatazama saruji ile ile ya nyuma.

Wakangoja. Mama alifumba macho, mkono juu ya mshono. Tumbo likanguruma, Mwita akainua beseni. Mama akapumua kwa pua, mara moja, mara nyingine. Uji ukakaa.

“Ondoa hilo beseni machoni pangu,” alimwambia Mwita, kisha akamgeukia Theodora. “Kijiko kingine. Na umwambie huyo mkwe asogee kivulini, jua litamuua kabla Isack hajaleta posa. Lakini ndani asiingie.”